Pengo la Mita Mia Mbili Hamsini na Tatu

Muyinga, 5 Juni

Fomu ya uwanja ina kisanduku kimoja tu cha upepo: wastani wa dakika kumi kwa kilomita kwa saa, na upande unakotoka. Kisichoenea katika kisanduku hicho kitakaa humu daftarini.

Nilifundisha fizikia miaka kumi na tisa, kwanza katika shule ya kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, kisha hapa baada ya kurudi. Tangu mwaka jana nimekuwa mpimaji wa hali ya hewa katika uwanja mdogo wa ndege ulio mlimani, kilomita nane kutoka Muyinga mjini. Uwanja wenyewe ni njia ya udongo mwekundu ya mita mia sita, kibanda, redio, na mlingoti wenye kipimaupepo cha vikombe vitatu. Ndege ni moja, ya injini moja na viti vinne. Hulala Gitega, na mara tatu kwa juma huja kuchukua wagonjwa, hasa wanawake ambao uzazi umewashinda.

Leo kusini-mashariki, 14.

6 Juni

Kusini-mashariki, 12. Vumbi.

9 Juni

Vipimo vyangu si sahihi, na nimejua kwa nini. Upande wa kusini wa njia kuna safu ya mikaratusi inayokwenda sambamba nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwongozo unataka kizuizi chochote kiwe mbali na mlingoti kwa umbali usiopungua mara kumi ya kimo chake. Miti hii ina kimo cha mita kumi na nne, hivyo ingepaswa kuwa mita mia na arobaini. Iko mita sitini. Upepo ninaouandika ni upepo uliokwisha kuchujwa.

Hesabu ni ya pembetatu ya kidato cha pili. Ubavu mrefu 140, ubavu mfupi 60, uliobaki 126 na nusu kila upande wa mlingoti. Miti ya kukatwa, basi, ni ile iliyo katika mita mia mbili hamsini na tatu. Iliyobaki haina kosa, na sitaki ikatwe bila sababu. Nimewaandikia wakubwa wa shirika lenye ndege, Gitega, na mchoro nimeuambatanisha.

16 Juni

Kibali kimekuja kwa mstari mmoja: wanasifu umakini wangu. Atakayekata ni Nazario, mfyatua matofali wa bondeni. Atachukua kuni za kuchomea tanuri lake, naye atatoa matofali ya ukuta mpya wa wodi ya wazazi. Leo nilimtembeza nikiwa na kamba na chokaa, nikiweka alama.

"Mama Mwalimu, na hii ya huku mwanzo? Iko mizuri kuliko ingine yote."

"Hiyo iko nje ya kipimo. Ni mita sabini na nne za kwanza, usiziguse."

Akacheka hadi akakaa chini. "Eh! Hata miti iko na mpaka, kama ule wa Tanzania pale Kobero! Huyu anapita, huyu anabaki."

Kusini-mashariki, 15.

23 Juni

Miti imeanguka. Kipimo cha leo ni 21, na ninakiamini. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hii kuandika tarakimu bila kinyongo.

27 Juni

Mfuko wa upepo, ile soksi ndefu ya kitambaa inayomwonyesha rubani upande na nguvu ya upepo, umechanika vipande. Gitega wanasema mwingine utachelewa. Efrazia hakungoja. Ni mkunga anayewasindikiza wagonjwa ndani ya ndege, mzaliwa wa hapa ambaye hakukimbia hata mwaka mmoja, na mwanamke pekee anayenitania usoni. Leo alishuka akiwa na mfuko alioushona kwa kitenge chake cha manjano.

"Mwalimu, tundika hii. Rubani Shahzad iko anatua kama kipofu."

Nilikipima kwa mkono. Kitambaa kizito mno. Kitanyanyuka pale tu upepo utakapokuwa umeshika nguvu, na katika upepo wa wastani kitaonyesha utulivu usiokuwepo. Chombo kinachosema uongo ni kibaya kuliko kukosa chombo. Nikamweleza.

"Donc kitenge yangu imeanguka mtihani?"

"Imeanguka."

"Sawa. Weka ndani ya tiroir. Siku we iko unazeeka na kuwa mzuri, utaitundika."

Nimekiweka kwenye mtoto wa meza.

1 Julai

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna safari. Kusini-mashariki, 18.

6 Julai

Shahzad, rubani wetu, alibaki kibandani kunywa chai wakati mgonjwa akipandishwa. Ana miaka thelathini na mmoja. Ni mwana wa Pyarali, muuza mabati na vitambaa wa mjini. Ni mpole kuliko nilivyotarajia mtu wa kazi yake kuwa.

"Mwalimu, kuna mahali pananipiga kofi. Naingia vizuri, kimya kabisa, halafu magurudumu yakikaribia kugusa, paa! Kutoka kulia."

"Saa ngapi?"

"Leo. Na Jumatatu."

Nilimfungulia fomu. Jumatatu 19, leo 20. Kitabu cha ndege yake kinaruhusu upepo wa ubavuni hadi 28.

"Basi ni mimi," akasema, akacheka kidogo. "Mkono umeanza uzembe."

Sikumpinga.

7 Julai

Kusini-mashariki, 17.

10 Julai

Kusini-mashariki, 19. Nazario amewasha tanuri. Moshi wake unapanda wima bondeni huku mlimani vikombe vikizunguka bila kupumzika.

13 Julai

Kwa udadisi wangu mwenyewe nimeanza kutazama sindano ya kipimaupepo kati ya saa nne na saa saba, na kuandika humu kiwango cha chini na cha juu ndani ya zile dakika kumi. Msimu huu upepo ni wa mikupuo: hujikusanya, hupiga, huacha. Leo wastani ulikuwa 20. Chini 6, juu 37. Wastani ni kweli na hausemi chochote kuhusu hiyo 37. Fomu haina mahali pa kuiweka.

17 Julai

Wastani 19, chini 5, juu 39. Shahzad aliuliza redioni kama kawaida: "Mwalimu, nipe upepo." Nikampa: kusini-mashariki, kumi na tisa. Ndege ilitua kwa kuruka mara mbili. Efrazia alishuka ameshika kiuno.

"Mi niko mkunga, nazalisha watu. Leo kidogo nizae mwenyewe."

20 Julai

Wastani 21, chini 6, juu 42. Nilifikiria kumtajia Shahzad tarakimu ya tatu. Taratibu zinasema mpimaji hutoa wastani, ili rubani asichanganyikiwe kwa namba nyingi. Nilifuata taratibu.

25 Julai

Wastani 18, 7, 36.

31 Julai

Wastani 22, 5, 44. Mchanga machoni siku nzima.

3 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu bila mpangilio sitaweza kuandika.

Saa tatu asubuhi ndege iliruka kwenda Gitega ikiwa na mama mwenye mimba ya mapacha, mmoja wao amekaa vibaya. Efrazia alikuwa naye. Saa tano na robo wakaripoti redioni kwamba wanarudi: wawili tu, na sanduku la damu kwa ajili ya hospitali. Nilisikia sauti ya Efrazia nyuma ya ile ya rubani: "Mwambie mapacha wote wanalia! Mmoja tutamwita Mwalimu, analia kwa kipimo!"

Saa tano na dakika ishirini na sita: "Mwalimu, nipe upepo."

Wastani ulikuwa 21. Nilikuwa nimekwisha kuandika humu, kwa penseli, 4 na 46. Nikasema: "Kusini-mashariki, ishirini na moja."

"Ishirini na moja. Asante."

Akaja kutoka magharibi, kama siku zote, na miti ya mwanzo upande wake wa kulia. Hapo ndege ilikuwa imetulia kama iliyowekwa juu ya meza. Akanyanyua pua. Gurudumu la kushoto lilikuwa limebakiza kimo cha mtu kugusa ardhi. Vikombe juu ya kichwa changu vilibadili sauti kutoka mlio kuwa kilio, na katika sekunde hiyohiyo bawa la kulia likanyanyuka. La kushoto likachimba udongo. Ndege ikajizungusha kuelekea kwangu, ikavuka ukingo wa njia, ikapinduka ndani ya mfereji wa maji, mita thelathini kutoka kibandani. Pangaboi liliendelea kugonga mawe kwa muda, kisha likaacha.

Nazario na vibarua wake walifika kabla sijamaliza kupiga simu. Walimtoa Shahzad, miguu yote miwili imevunjika na fahamu anazo. Alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Nyuma? Nyuma?"

Efrazia alikuwa kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Nazario alimtazama, akavua kofia. "Mana yanje, Mungu wangu. Mama Mwalimu, usikuje hapa."

Nilikwenda. Mifuko ya damu ilikuwa imepasuka, na hapakuwa na njia ya kutambua ipi ilikuwa yake.

Saa nane mchana nilijaza fomu. Upepo: kusini-mashariki, 21.

4 Agosti

Sikupima.

6 Agosti

Mazishi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na ameacha mabinti wawili ambao shangazi yao amewachukua. Kaburi limejengewa kwa matofali ya Nazario, ambayo yalikuwa bado na joto kwa ndani. Aliyatoa tanurini kabla ya wakati. Alininong'oneza kama mtu anayetoa zawadi: "Ni yale ya miti yako, Mama. Imewaka vizuri, bien."

9 Agosti

Uwanja umefungwa hadi uchunguzi uishe. Mama mmoja wa bondeni amefia barabarani akienda Gitega kwa gari. Ninaendelea kupima, ingawa hakuna wa kumpa vipimo. Wastani 20, 5, 41.

12 Agosti

Amekuja mchunguzi, Bwana Elias: mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, wa aina ninayoielewa. Alipima alama za magurudumu, akapiga picha, akaingia kibandani.

"Madamu, upepo wakati wa kutua?"

Nikampa fomu. Akaisoma mara mbili.

"Ishirini na moja. Kikomo cha ndege ni ishirini na nane. Kwa hiyo upepo haukuwa tatizo."

"Hiyo ndiyo fomu," nilisema.

"Mna kumbukumbu nyingine yoyote ya kiofisi?"

"Ya kiofisi, hapana."

Akanishukuru kwa usafi wa maandishi. Daftari hili lilikuwa kwenye mtoto wa meza, juu ya kitenge cha manjano, umbali wa mkono wake. Niliulizwa kumbukumbu ya kiofisi na nikajibu kuhusu kumbukumbu ya kiofisi. Kila neno nililosema lilikuwa sahihi. Nimelirudia jibu hilo jioni nzima, na bado ni sahihi, na sijaweza kula.

15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Kanisani hawakuzungumza kitu kingine. Jirani yangu wa benchi, mwanamke mwema, alisema: "Yule Muhindi alikuwa anacheza na ndege kama na pikipiki ya baba yake." Nikaitikia kwa kichwa. Nimeandika hili kwa sababu nimejiwekea kuandika kila kitu.

19 Agosti

Pyarali amekuja nyumbani kwangu. Ni mzee wa miaka sabini, na alikuja kwa miguu, ingawa ana gari. Hakutaka chai.

"Dada, unajua wanasemaje sokoni? Wanasema leseni ya mwanangu niliivusha Kobero pamoja na mabati. Wananunua msumari kwangu wakiwa wanasema hivyo, mbele yangu."

Nikasema nasikitika.

"Shauri ni tarehe nane Septemba, Gitega. Wakisema ni kosa lake, harushi tena. Hilo si neno. Miguu yenyewe sijui. Lakini familia ya marehemu, dada. Mama wa marehemu alinunua kanga za arusi dukani kwangu. Sasa nikipita anafunga mlango. Shahzad anasema alisukumwa. Wewe ulikuwepo. Alisukumwa?"

Nikamwambia kwamba wastani wa upepo ulikuwa 21.

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kitambaa na kuona kasoro ambayo muuzaji ameikunjia ndani. "Mimi sikusoma, dada. Wastani ni nini?"

Nilifundisha jambo hilo kwa miaka kumi na tisa. Sikuweza kulieleza.

22 Agosti

Wastani 19, 6, 40.

24 Agosti

Nilichukua kamba ileile na kupima kutoka mwanzo wa njia. Mita sabini na nne za kwanza zina miti, na ndege inayotua hushuka ndani ya kivuli chake cha upepo, mahali ambapo hewa imetulia. Kisha pengo la mita mia mbili hamsini na tatu. Alama ambapo bawa la kushoto lilichimba udongo iko mita themanini na moja kutoka mwanzo wa njia. Kati ya utulivu na kipigo kuna mita saba.

Kabla ya Juni safu nzima ilimkinga rubani hadi ndege ipunguze mwendo. Kama ningekata miti yote, upepo ungemkuta mapema, angali juu na nafasi ya kujirekebisha. Nilikata kwa usahihi kamili, na usahihi huo ukaufungua mlango wa upepo mahali pale pale ndege inapokuwa dhaifu. Nililinda tarakimu zangu dhidi ya miti. Sikujiuliza miti ilikuwa ikimlinda nani.

Na kama mfuko wa Efrazia ungekuwa mlingotini, pamoja na uzito wake wote, 46 ingeunyanyua na 4 ingeuangusha, na Shahzad angeona kitambaa cha manjano kikiruka na kufa, kikiruka na kufa. Nilisema kitasema uongo. Aliyekwisha kusema uongo wa namna hiyo ni wastani wangu.

Orodha ya makosa ya Shahzad nimeiandika pia, kwa haki: angeweza kurudisha moto wa injini na kupaa tena; alichelewa kwa sekunde moja au mbili. Nimeilinganisha na yangu. Yangu ina majuma saba.

30 Agosti

Mawingu upande wa mashariki, bila mvua. Sikupima.

2 Septemba, Gitega

Nilipanda gari la alfajiri. Shahzad yuko hospitalini, miguu imeinuliwa kwa kamba na vyuma. Alifurahi kuniona, jambo lililokuwa gumu kustahimili.

"Mwalimu! Umeniletea upepo?"

"Ndiyo," nikasema. Nikafungua daftari hili penye tarehe tatu Agosti, nikampa.

Alisoma taratibu. Kisha akarudi nyuma: 31 Julai, 20 Julai, 17 Julai, 6 Julai. Hapo akasimama sana.

"Hapa nilisema ni mkono wangu umeanza uzembe."

"Ulisema."

"Na wewe hukunipinga."

"Sikukupinga."

Nilikuwa na swali moja, na nililiuliza kama ninavyouliza maswali yote. "Kama siku ile ningesema ishirini na moja, mikupuo hadi arobaini na sita, ungetua?"

Hakufikiri. "Ningerudi Gitega. Mafuta nilikuwa nayo ya saa moja na nusu. Efrazia angenitukana, alikuwa na sanduku la damu, lakini ningerudi."

Dirishani mtu alikuwa akifagia majani makavu, na upepo ukimrudishia.

"Ukiwapa hiki," akasema, "watakuangamiza. Si kazi tu. Mabinti wa Efrazia watasoma. Mama yake atasoma ile ya kitenge."

"Najua."

"Unaweza kunakili tarakimu tu. Ukurasa mmoja, safi. Hayo mengine wacha."

Alinipa, akiwa amefungwa kwa vyuma, njia ya kujiokoa. Nilimwambia nitaifikiria, naye akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama mwanafunzi.

5 Septemba

Nilinakili tarakimu kwenye ukurasa mmoja, safi. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa ni wastani mwingine. Nimezichana.

6 Septemba

Nilipanda mlimani asubuhi kabla ya kuondoka kwenda Gitega. Nilikitoa kitenge kwenye mtoto wa meza na kukitundika mlingotini. Kwa dakika nzima kilining'inia tu, na nikajisikia kusema kwamba nilikuwa sahihi. Kisha mkupuo ukaja, kikajaa, kikasimama kuelekea kaskazini-magharibi kwa urefu wake wote, ukaacha, kikaanguka. Nazario aliona kutoka tanurini, akapanda.

"Mama Mwalimu, ndege iko inarudi?"

"Hapana."

"Alors hiyo unamwonyesha nani?"

Nikamwambia kilichotokea, chote, pamoja na miti na matofali. Alisikiliza mpaka mwisho. Alishuka, na baadaye nikaona moshi wa tanuri umepungua, kisha umekwisha, ingawa tofali lilikuwa bado halijaiva.

8 Septemba, Gitega, saa mbili asubuhi

Ninaandika kwenye benchi nje ya chumba cha shauri. Pyarali amekaa mwisho wa korido na hajaniona, au ameniona. Mama yake Efrazia yuko upande wa pili na wajukuu wake wawili, wamevaa sare za shule. Bwana Elias amepita na kunisalimu kwa heshima. Anadhani nimekuja kuthibitisha fomu.

Nimesoma daftari zima tangu mwanzo. Kuna mistari ambayo ningeipenda isiwepo, ya tarehe 27 Juni na ya tarehe 15 Agosti kuliko yote. Sijafuta kitu. Kurasa ni sitini na mbili, nimeziwekea namba pembeni kwa wino, ili ikikosekana moja ijulikane.

Huu ndio ukurasa wa mwisho ninaouandika humu. Wakiniita, daftari litaingia nami na halitatoka nami. Wameanza kuita majina. Mti ulio uani, ninaouona kupitia mlango, unainama na kusimama. Sina chombo, kwa hiyo ni kwa kukadiria:

Kusini-mashariki. Wastani 20. Chini 5. Juu 45.